Mashine ya kutuliza maumivu haiponyi ugonjwa

MNAMO Juni 2012, Medicare, bima ya serikali ya Marekani inayowahudumia hasa wazee, iliamua kutolipia tena mashine za TENS kwa wagonjwa wenye maumivu sugu ya kiuno, isipokuwa walioshiriki utafiti. Mnamo 2021, taasisi ya NICE inayotoa mwongozo wa tiba Uingereza nayo iliwashauri madaktari wasiwape mashine hizo wenye maumivu sugu yasiyo na chanzo bayana.

Hata hivyo, vifaa hivyo vingali vinauzwa madukani na mitandaoni, na si nadra mnunuzi kuahidiwa kuwa atapona kabisa. Ahadi hiyo ndiyo yenye kasoro.

Nadharia inayoziunga mkono mashine hizo si porojo. Mnamo 1965, wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa katika uti wa mgongo mna mfano wa lango linaloweza kupitisha au kuzuia habari za maumivu kabla hazijafika ubongoni. TENS hupitisha umeme hafifu kwenye vibandiko vilivyowekwa juu ya ngozi. Mtekenyo wake huamsha mishipa ya fahamu inayohisi mguso, na lango likafungika kiasi.

Utafiti uliochapishwa mnamo 2022 katika jarida la BMJ Open, uliojumuisha majaribio 381, ulibaini kuwa maumivu hupungua wakati mashine inapotumika au mara tu baada ya hapo. Lakini kutulia kwa saa moja si kupona. Aidha, majaribio mengi yalikuwa madogo.

Kwa mgonjwa, nafuu hiyo fupi ina thamani iwapo itamwezesha kutembea na kufanya mazoezi ya viungo. Hatari huja anapoifanya mbadala wa uchunguzi. Maumivu ya mgongo yaweza kusababishwa na kifua kikuu cha uti au saratani, maradhi ambayo umeme hautayagusa. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo hapaswi kuitumia bila idhini ya daktari, wala vibandiko visiwekwe mbele ya shingo.

Muuzaji mwaminifu atayasema hayo kabla ya kupokea pesa. Naye mnunuzi akumbuke kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua.