Sindano Kwanza, Pembe ya Shaba Baadaye



Huenda nyumbani kwenu, juu ya kabati au ndani ya sanduku lililovuka bahari pamoja na babu na bibi, mna santuri za zamani: zile sahani nyeusi, nzito, zinazovunjika kama kigae. Wiki hii nina ombi moja. Msizipige kwanza. Tafuteni sindano inayozifaa, ndipo mzipige.

Santuri hizo si sawa na zile za plastiki zilizokuja baadaye. Zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu wadogo wa India na Thailand, ndugu wa lakiri ile iliyotumika kufungia barua, uliochanganywa na unga wa mawe. Huzunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa sahani ya inchi 10 huchukua kama dakika 3 tu. Hivyo ndivyo sauti ya Siti binti Saad ilivyohifadhiwa. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, wakarekodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Mtoto anayesikiliza santuri ya namna hiyo anasikia Kiswahili cha karibu miaka 100 iliyopita, kikitamkwa na wenyewe.

Sasa tazameni mfereji ambamo sindano hupita. Kwenye santuri ya plastiki mfereji ni mwembamba, na ncha ya sindano yake ina kipimo cha maikroni 18 hivi. Kwenye shelaki mfereji ni mpana, unataka ncha ya maikroni 65 hadi 75, yaani karibu mara nne. Ukiweka sindano nyembamba humo, ni kama kuweka kete ya bao ndani ya sufuria: inazama hadi chini na kuyumba huku na huku. Chini ndiko kuliko vumbi na chembe za chuma za sindano za zamani, ilhali muziki umechorwa kwenye kuta za mfereji. Utasikia mkwaruzo mwingi na uimbaji kidogo, kisha utasema, "Santuri imekufa." Haijafa. Haijapata sindano yake.

Najua wapo watakaosema: si tununue gramafoni yenye pembe ya shaba, ile ya kuzungusha kwa mkono, ipendeze sebuleni siku ya Idi? Kwa pambo, sawa. Kwa kusikilizia, nakataa. Gramafoni hizo hukandamiza sahani kwa uzito wa gramu 100 na zaidi, na sindano yake ya chuma ilikusudiwa itumike upande mmoja kisha itupwe. Ni kweli santuri ziliundwa kustahimili hayo, lakini zilipokuwa mpya, na duka lilikuwa na nyingine. Leo sahani ya bibi yenu huenda ndiyo pekee iliyobaki, na kila ikipigwa hivyo inaliwa kidogo. Katriji ya kisasa hukandamiza kwa gramu 2 hadi 5 tu.

Wengine watasema kila kitu kipo kwenye simu. Hapana. Kilichopo huko ni kile ambacho mtu fulani alijaliwa kuwa nacho na akakipandisha. Sahani iliyomo sandukuni mwenu huenda haimo.

Basi mchague nini? Kwanza, mashine iwe na mwendo wa 78. Nyingi za siku hizi zina 33 na 45 tu, na kwa mwendo huo mwimbaji ataburura sauti kama mwenye usingizi. Pili, katriji iwe na sindano ya almasi iliyotengenezwa kwa ajili ya 78. Audio-Technica wanayo VM95SP, yenye ncha ya kama maikroni 75 na uzito wa gramu 5 hivi. Ortofon wanayo 2M 78, yenye ncha ya maikroni 65 na uzito wa gramu 1.8. Kama mashine yenu tayari ina katriji ya jamii ya VM95, hamna haja ya kununua nzima: mnabadilisha sindano peke yake. Tatu, msikilize kwa mono. Katika santuri hizi sauti hucheza kulia na kushoto; mtikisiko wa juu na chini ni kelele tu, na mono huupunguza. Kumbukeni pia kurudisha sindano nyembamba mnapopiga santuri za plastiki, kwani hiyo nene itaziharibu.

Kabla ya kupiga, safisheni. Msitumie spiriti kamwe, kwa sababu huyeyusha shelaki. Maji safi yenye tone la sabuni, kitambaa laini, na karatasi ya katikati isilowe. Sahani yenye ufa msiipige, mpelekeeni mtaalamu.

Kisha kazi iliyo kubwa kuliko zote. Pigeni santuri mara moja, kwa utaratibu, mkiirekodi kwenye kompyuta kwa faili la WAV, lisilobanwa. Babu au bibi akiwa karibu, wekeni simu mbele yake na kumwuliza: Shikamoo bibi, neno hili maana yake nini? Huyu anayetajwa ni nani? Wimbo huu uliusikia wapi? Majibu hayo hayamo kwenye mfereji wowote, na hakuna sindano itakayoyatoa.

Wazazi, tunatoa fedha kila muhula ili watoto wajifunze Kiswahili kwa vitabu. Sindano moja ni bei ndogo kwa mwalimu aliyekaa kimya sandukuni miaka yote hii. Familia mbili tatu zikichanga, hata shule inaweza kuwa nayo moja ya kuazimana.

Nanyi watoto, leo mkirudi nyumbani waulizeni wazee kama kuna santuri. Mkiambiwa zipo, zishikeni kwa ukingo, kwa mikono miwili, na mzisimamishe wima. Msizilaze moja juu ya nyingine.