Afya ya Nyumbani: Sukari ya Mama na Umri wa Damu Yake

Tuseme mama na bintiye wamekwenda hospitali siku moja kupimwa sukari. Mama amerudi na cheti kisemacho asilimia 6.6, binti, aliye mja mzito, amerudi na asilimia 5.1. Nyumba nzima yamsikitikia mama na kumpongeza binti. Sisi twasema, ngojeni kwanza, kwani huenda mmekosea kwa wote wawili.

Kipimo hicho, ambacho waganga hukiita HbA1c, asili yake ni Tehran, huko Iran, ambako mwaka 1968 Dakta Samuel Rahbar alieleza kuwa himoglobini ya wagonjwa wa kisukari, yaani ule wekundu wa damu, ina tofauti na ya watu wengine. Sukari hunata katika wekundu huo, ikakaa humo mpaka chembe yenyewe ife. Chembe nyekundu huishi kiasi cha siku 120. Basi kipimo hiki hakisomi sukari ya leo, bali athari ya miezi miwili au mitatu iliyopita. Na asilimia 6.5 au zaidi huhesabiwa kuwa kisukari.

Lakini chombo hakiulizi umri wa chembe, na hapa ndipo wanawake wanapoguswa zaidi. Mwanamke hupoteza damu kwa hedhi na kwa uzazi, na madini ya chuma humpungukia. Upungufu huo waweza kukipandisha kipimo ingawa sukari haikuzidi. Akitibiwa kwa vidonge vya chuma kipimo hushuka, naye hakupunguza hata kijiko kimoja cha sukari katika chai yake!

Kwa mja mzito mambo hugeuka. Mwili wake huzalisha chembe mpya nyingi, na chembe changa haijapata muda wa kunatwa na sukari. Kipimo hushuka, na kisukari cha mimba kikajificha. Ndiyo maana wajawazito hunyweshwa gramu 75 za glukosi, wakapimwa damu kabla na baada ya kunywa.

Yako pia ya urithi, ambayo katika pwani yetu si mageni. Aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, naye haumwi, aweza kuonyeshwa asilimia iliyo chini ya hali yake. Mwenye ugonjwa wenyewe kipimo hiki hakimfai kabisa. Upungufu wa G6PD nao hukishusha, na kadhalika kutiwa damu karibuni.

Twajua kuwa akina mama wengi huona haya kuitaja hedhi mbele ya tabibu mwanamume. Na wamtake tabibu wa kike kama yupo. Asipokuwepo, na waseme vivyo hivyo, kwani anayefichwa hayo aweza kuandika dawa isiyohitajiwa, au kumwacha mgonjwa aende zake huku macho na mafigo yakiharibika.

Mama yetu wa cheti, basi, na apimwe wekundu wa damu na madini ya chuma, kisha arudi asubuhi nyingine baada ya kukaa saa nane bila kula, apimwe sukari yenyewe. Hapo mpaka wa kisukari ni 7.0. Na binti aende kunywa glukosi yake.