Mwanafunzi asiyefumua hajajifunza kufuma

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Methali hii tumewafundisha wanafunzi wetu tangu madarasa ya chini, nao wameikariri na kuipamba kwayo insha zao. Ajabu ni kwamba katika kazi za mikono, mahali ambapo methali yenyewe ina makao yake, sisi walimu na wazazi tumeanza kuridhika na vinavyoelea bila ya kuuliza ni nani aliyeviunda.

Si siri tena. Mwanafunzi huagizwa afume kitambaa cha meza au asuke kikapu. Siku ya kuwasilisha mradi ikifika, meza ya mwalimu hujaa viondo vyenye mishipi ya ngozi na sweta zisizo na dosari hata moja. Kila aliyemo darasani anajua kwamba kiondo kile kilinunuliwa sokoni Jumamosi, na kwamba sweta ile ilifumwa na mama au jirani usiku wa manane. Mwalimu anatoa alama, mzazi anashusha pumzi, naye mtoto anabaki na mikono ile ile aliyokuwa nayo mwanzoni mwa muhula. Je, hapo ni nani aliyejifunza?

Nathubutu kusema kwamba lawama haimwangukii mzazi peke yake. Inaviangukia vipimo vyetu. Maadamu tunatoa alama kwa kitu kilichokamilika, tutaendelea kuletewa vitu vilivyokamilika, vitoke wapi vitokako. Mwanafunzi aliyejaribu mwenyewe akaleta kipande kilichopinda hupata alama duni kuliko mwenzake aliyenunua. Somo analolipata mtoto huyo ni kwamba kujaribu ni hasara.

Tumewahi kulipoteza somo hili, na inafaa tukumbuke jinsi lilivyotuponyoka. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 kufuatia mapendekezo ya tume ya Profesa Colin Mackay ya mwaka 1981, ulikusudia kumpa kila mtoto ujuzi wa kazi za mikono. Sanaa na Ufundi pamoja na Sayansi Kimu yakawa masomo ya kutahiniwa katika KCPE. Aghalabu, hata hivyo, mtahiniwa alijibu maswali kuhusu uzi ilhali hajaushika. Mapema katika miaka ya 2000, mzigo wa masomo ulipopunguzwa, masomo hayo yaliondolewa katika mtihani huo. Na lisilotahiniwa nchini mwetu halikawii kusahauliwa. KCPE yenyewe ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini kote nchini mwaka 2019, umeirejesha mikono ya mtoto darasani. Hii ni nafasi ya pili, na nafasi ya pili haiji kila siku.

Basi ususi na ufumaji vina nini cha kumfunza mtoto? Tuanze na namna kazi zenyewe zinavyokwenda. Anayefuma sweta kwa sindano mbili hutumia uzi mmoja tu. Kila kitanzi huvutwa kupitia kitanzi kilichotangulia, safu juu ya safu, hata nguo ikakamilika. Ndiyo maana ukiukata uzi huo mahali pamoja na kuuvuta, kazi ya wiki nzima huweza kurudi kuwa uzi kwa muda mfupi. Anayefuma kitambaa, kwa upande wake, anahitaji makundi mawili ya nyuzi: mtande uliotandazwa na kukazwa, na mshindio unaopita juu na chini ya nyuzi za mtande. Msusi wa mkeka wa pwani naye hana uzi wala sindano mwanzoni; huchana miyaa, akasuka ukili mrefu kama utepe, kisha akaziunganisha kili hizo kwa kuzishona hadi mkeka ukapata upana.

Mwanafunzi aliyesoma aya hiyo amepata habari. Hajapata ujuzi. Ujuzi huanza pale anapouliza, "Nikipita juu ya nyuzi mbili badala ya mmoja, itakuwaje?" Akijaribu, na katika kila safu akasogea uzi mmoja pembeni, ataona mistari ya mshazari ikichomoza mbele ya macho yake. Akitazama suruali ya jinzi aliyoivaa, ataikuta mistari iyo hiyo. Hakuna aliyemwambia, amegundua. Vivyo hivyo kwa mwenye sindano mbili. Akifuma vitanzi vya mbele mfululizo upande mmoja na vya nyuma upande wa pili, kingo za kitambaa zitajikunja. Akivipanga kwa zamu, viwili vya mbele na viwili vya nyuma, atapata kitambaa kinachovutika na kurudi, kama ukingo wa mkono wa sweta ya shule. Ameivaa sweta hiyo miaka mingi bila kujua siri yake.

Lakini majaribio ya namna hii hayawezekani bila ya kufumua, na hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Uzi una ukarimu ambao ubao na chuma havina. Seremala akikata ubao mfupi, umekatika. Mfumaji akikosea safu ya tano, huvifumua vitanzi, uzi ukarudi mkononi, akaanza tena bila ya hasara ila ya muda. Sioni somo jingine shuleni linalomruhusu mtoto kukosea kwa gharama ndogo hivi. Nasi tunamnyang'anya ruhusa hiyo tunapomdai kitu kilichonyooka kufikia Ijumaa.

Wala kufumua ili ufume si jambo geni kwetu. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika habari za pwani hii mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza walivyofanya Waislamu wa Sofala, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Walikuwa wakifuma nguo nyeupe za pamba, ila hawakuwa na njia ya kuzitia rangi. Wakachukua nguo za buluu zilizoletwa na majahazi kutoka Cambay, Bara Hindi, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakazifuma upya pamoja na nyuzi zao nyeupe, wakapata nguo za rangi. Hebu tafakari, ndugu msomaji. Watu hao hawakungoja kiwanda wala mfadhili. Waliitazama nguo iliyokamilika, ya thamani, iliyovuka bahari, wakaona ndani yake uzi. Hicho ndicho kipawa tunachokitaka kwa mwanafunzi: kuona kwamba kila kilichoundwa chaweza kufumuliwa, kikaeleweka, kikaundwa namna nyingine.

Kiondo nacho kinasimulia hadithi iyo hiyo. Mama wa Ukambani alisokota nyuzi zake kutokana na magome, yakiwemo ya mbuyu. Mkonge, mmea wa kigeni ulioletwa Afrika Mashariki na wakoloni mwishoni mwa karne ya 19, ulipoenea, aliujaribu akauona unafaa. Zilipokuja nyuzi za viwandani za rangi, alizichanganya na mkonge. Na palipokuwa na sweta kuukuu, aliifumua akasukia nyuzi zake. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Agosti 2017, vikapu vya kila namna vimepata nafasi mpya mikononi mwa wanunuzi. Kiondo tunachokiita cha jadi ni tunda la majaribio ya vizazi kadha. Kumpa mtoto kielelezo kimoja na kumwamuru akinakili bila ya kubadili hata rangi ni kuisaliti jadi hiyo yenyewe.

Najua zipo pingamizi. Ya kwanza ni kwamba vifaa ni ghali na madarasa yamejaa. Sikatai kwamba darasa la wanafunzi sitini ni mzigo. Hata hivyo, kipande cha katoni kilichokatwa meno kwenye kingo mbili zinazoelekeana, kikazungushiwa uzi, ni kitanda cha mfumi cha kutosha kwa anayeanza. Sindano za kufumia zaweza kuchongwa kwa mianzi au kutengenezwa kwa njiti za gurudumu la baiskeli, ncha zikilainishwa vyema. Nyuzi zimo katika magunia yaliyochakaa na katika sweta zilizotupwa.

Ya pili ni kwamba hizi ni kazi za wasichana. Anayesema hivi na awaulize Waasante na Waewe wa Ghana, ambao kwa desturi nguo zao mashuhuri za kente zimekuwa zikifumwa na wanaume. Uzi haujui aliyeushika ni nani.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi. Kwa nini tumfundishe mtoto kufuma ilhali mitumba imejaa sokoni na mashine hufanya kazi hiyo kwa kasi isiyo na mfano? Jibu langu ni kwamba hatumfundishi ili aivishe nchi. Tunamfundisha kuhesabu, kupanga, kuona mpangilio na kuuvunja. Mnamo 1804 huko Ufaransa, Joseph-Marie Jacquard alibuni mtambo uliokiongoza kitanda cha mfumi kwa kadi zilizotobolewa. Penye tundu uzi uliinuliwa, pasipo na tundu ulibaki chini. Mwingereza Charles Babbage aliazima wazo la kadi hizo alipobuni mashine yake ya kukokotoa, na Mmarekani Herman Hollerith akatumia kadi zilizotobolewa kuhesabia sensa ya Marekani ya mwaka 1890. Tarakilishi tunazotaka kila shule iwe nazo zina nasaba na kitanda cha mfumi. Mtoto anayeamua kama uzi upite juu au chini anashika mzizi wa fikra iyo hiyo, na anaushika kwa vidole vyake.

Tufanye nini basi? Mosi, alama zitolewe kwa safari pamoja na mwisho wake. Kila mwanafunzi awe na vipande vyake vya majaribio, vidogo kama kiganja, vilivyobandikwa katika daftari, na kando ya kila kimoja aandike alichojaribu, kilichotokea, na atakachobadili. Daftari la namna hiyo halinunuliki sokoni. Mzazi hawezi kulitengeneza usiku mmoja, na hata akiweza, mwalimu atamwuliza mtoto maswali mawili na ukweli utajitokeza.

Pili, kazi ifanyiwe shuleni, mbele ya mwalimu, hata kama ni nusu saa kwa wiki. Kipande kisichokamilika kilichofumwa darasani kina thamani kuliko kiondo kizima kilichotoka kusikojulikana.

Tatu, tuwaalike wenye ujuzi. Karibu kila kijiji kina nyanya anayesokota mkonge pajani mwake, na kila mtaa una fundi wa sweta. Waingie darasani kama walimu, waheshimiwe na walipwe chochote kilichopo. Waombwe jambo moja zaidi: wasimwonyeshe mtoto kazi zao nzuri pekee, wamwonyeshe pia wanavyozifumua.

Nne, na hili nawaelekezea wanafunzi wenyewe. Usione haya kwa kipande chako kilichopinda. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ukiona ukingo umejikunja au nyuzi zimelegea, usikifiche kipande hicho chini ya dawati. Kihesabu, kitazame, tafuta safu iliyokosewa, fumua hadi hapo, kisha endelea. Ukishaijua sababu, ijaribu kwa makusudi: huenda lililokuwa kosa jana likawa pambo lako kesho.

Wazazi nao nawasihi waache fedha zao mfukoni. Mtoto akija nyumbani na kazi ya kufuma, mpe uzi, mpe muda, na umpe ruhusa ya kuharibu. Mwalimu mwenzangu, nawe ukiletewa kiondo kisicho na dosari na mikono isiyo na alama yoyote ya mkonge, usikimbilie kalamu nyekundu. Mpe mwenyewe uzi na katoni, ukae kando yake, umwombe akuonyeshe safu tatu tu.