Damu ya Rubani

Damu ya rubani ikipimwa na hesabu yake ikapita mpaka kidogo, wako wanaodhani kwamba mtu huyo hafai tena kurusha ndege. Sisi hatukubali. Mipaka hiyo kwa kawaida huwekwa ili iwaingize watu 95 katika kila 100 wenye afya. Watano hubaki nje nao ni wazima. Upungufu mkubwa wa damu ni hatari ya kweli, kwa maana huko juu hewa ni nyepesi. Bali hitilafu ndogo yataka kwanza ijulikane sababu yake.

Hukumu ya haraka imewahi kuleta dhuluma. Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani kiliwakataa vijana waliorithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, wasiougua, wengi wao Weusi, hata marufuku hiyo ilipoondolewa mwaka 1981.

Twawaambia madaktari: pimeni tena, chunguzeni, ndipo mwamue. Nanyi marubani msifiche neno. Mficha maradhi kifo humuumbua, na rubani haanguki peke yake. Lakini asemaye kweli asiadhibiwe kwa ukweli wake. Hapo ndipo ulipo usalama wa abiria.