Wati 1000 kwenye boksi, betri ya kitochi ndani



Najua wapo watakaosema afisa ugani ameishiwa mada. Tumezoea akituambia habari za viwavijeshi na mbolea, leo kaja na redio! Nivumilieni. Kila mwaka mahindi yakishauzwa naona watu wakitoka Tunduma wamebeba redio mpya za chaji, zile zenye sehemu ya flashi na memori kadi. Ikifika Desemba, mvua zimeshika, nyingi ziko juu ya kabati, hazisemi. Na huo ndio wakati wa kuzihitaji. Sisi Songwe mvua yetu ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wake kabla hatujapanda. Asiyeusikia anapanda kwa kumwangalia jirani, na jirani naye huenda anamwangalia yeye.

Kosa letu ni moja: tunanunua namba iliyoandikwa kwenye boksi. Acheni kununua wati.

Chukua redio iliyoandikwa wati 1000. Fungua kifuniko cha nyuma. Mara nyingi utakuta betri ya BL-5C, ile ile ya simu ya kitochi. Betri hiyo ni ya volti 3.7 na mAh 1020, yaani ikijaa kabisa ina nguvu ya kuendesha kitu cha wati moja kwa muda usiofika saa nne. Kama redio ingekuwa inatumia wati 1000 kweli, chaji ingekwisha ndani ya sekunde 14. Wimbo usingefika hata kwenye kiitikio. Kwa hiyo namba ile ni pambo kama taa zinazomwekamweka pembeni ya spika, tofauti ni kwamba taa zinakula chaji na namba inakula hela yako.

Betri nayo ina uongo wake. Ile ya duara, nene kama kidole gumba, inaitwa 18650 kwa sababu ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Zilizo bora kabisa hufika mAh 3500 hivi. Ukiona imeandikwa 9900, rudisha.

Mimi mwenyewe nililizwa. Nilinunua redio duka moja, usitake kujua lipi, kwa sababu ilikuwa inadunda hadi meza inatetemeka. Nikaondoka nimefurahi. Nyumbani, jioni, taarifa ya habari ikafika kwenye bei za mazao. Sikujua kama mtangazaji kasema mia sita au mia saba. Bezi ilikuwa imemeza maneno. Maana maneno tunayatofautisha kwa sauti nyembamba, zile za s na t na f, na spika iliyotengenezwa kudunda tu inazifunika. Kwa mwenye gunia kumi za kilo mia mia, hiyo mia moja kwa kilo ni laki moja. Nilipata redio ya kunengua, siyo ya kusikiliza.

Vijana wataniambia muziki bila bezi si muziki. Sawa, siwakatazi. Ila spika ndogo ndani ya boksi la plastiki haiwezi kutoa bezi ya sabufa; inachotoa ni mtikisiko wa plastiki. Ukitaka kudunda, nunua sabufa, iweke ndani kwenye umeme. Redio ya kubeba shambani ni kitu kingine.

Basi ukiwa dukani, usikubali kuwekewa wimbo wa muuzaji. Wimbo ule umechaguliwa kwa sababu unaipamba redio. Nenda na memori kadi yako, yenye wimbo unaoujua mpaka pumzi ya mwimbaji. Kabla ya wimbo, tafuta stesheni inayoongea. Sauti iwe nusu, simama hatua kumi, sikiliza. Kila neno linafika? Kisha panda mpaka mwisho: ikianza kukwaruza mapema, spika ni dhaifu. Zima, washa tena uone kama inaendelea pale ulipoachia au inarudi wimbo wa kwanza na yule dada wa Kiingereza anayepiga kelele kila ukiwasha. Tikisa waya kwenye tundu la chaji. Likilegea leo, kesho utakuwa kwa fundi. Na betri itoke kwa mkono. Ambayo imefungiwa ndani, ikifa umetupa redio nzima.

Wewe wa Ileje, mawimbi ya FM hayapandi mlima. Uliza jirani anashika stesheni gani kabla hujalaumu redio.

Usiamini sana paneli ya juu ya mfuniko. Ya ukubwa wa sentimita 10 kwa 5, hata jua likiwa kali, haitoi hata wati moja. Januari na mawingu yetu, usiitegemee. Na usiache redio juani siku nzima ukidhani unaichaji, joto linaua betri.

Jambo la nyimbo. Dakika moja ya muziki unaosikika vizuri ni kama MB moja. Wimbo wa dakika nne uwe na MB nne hivi, maana yake kadi ya GB 8 inachukua nyimbo kama 2000. Kijana wa kibandani akikuahidi 5000, amezibana, na hakuna spika itakayozitengeneza.

Sasa ndugu zangu wenye maduka vijijini. Mnachukua katoni Tunduma, mnauza, mteja akirudi mnasema "imeandikwa hivyo". Aliyeandika yuko mbali, anayeuza ni wewe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Fungua boksi mbele ya mteja, mjaribie, mwandikie risiti na siku za kurudisha. Weka na betri za akiba. Hizo zina faida kuliko redio yenyewe.

Mwenye redio iliyolala kabatini aje na betri yake ofisini. Nina mita mezani. Ikijaa inasoma volti 4.2. Ikichajiwa usiku kucha na bado haifiki 4, tatizo huenda ni betri tu, usinunue redio nyingine.