Kimkoba cha Kiunoni Juu ya Kanzu
Mama mmoja wa Majengo, Nyeri, ametuuliza: mwanawe, muuza nguo sokoni Karatina, huenda sala ya Ijumaa na kimkoba kiunoni, na babake amemkataza kuingia nacho msikitini. Je, ni uhuni?

Twamjibu baba kwa upole. Mahujaji hufunga mkoba wa fedha juu ya ihramu, na wanavyuoni wameuruhusu tangu zamani. Wazee wetu wa pwani nao waliweka fedha katika kibindo cha kikoi. Lililobaki ni namna ya kukivaa. Kikikazwa juu ya kanzu huibana na kuonyesha umbo. Basi akipitishe begani, chini ya koti zito la baridi ya Nyeri, na akisali akiweke mbele yake. Ndani mna mtaji wa wiki nzima. Hatuoni kwa nini auache nje pamoja na viatu.