Kabla Hujafika Garsen: Mgeni Jipange, Mwenyeji Asibebe Mzigo Wako

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunaikubali methali hiyo kabisa. Lakini kwa mgeni anayekuja Tana River kutoka nje ya nchi, sisi tunaona kuna sharti dogo: mwenyeji atapona tu ikiwa mgeni amepanga pesa zake kabla ya kuondoka Malindi. Asipozipanga, mwenyeji ndiye anayegharamika.

Tunaandika haya tukiwafikiria wateja wa aina mbili. Wa kwanza ni wewe unayetoka Dar es Salaam, Muscat au Minneapolis. Labda unakuja kuwaona jamaa zako Garsen, labda unapita tu kuelekea Lamu, au unataka kujionea delta ya Mto Tana, ambayo tangu 2012 imo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani. Wa pili ni wewe unayempokea: mwenye boda, mwenye mtumbwi, mama wa hoteli ya chai na mahamri, na wakala mwenye kibanda pale sokoni.

Tuanze na njia yenyewe. Kutoka Malindi hadi Garsen ni zaidi ya kilomita 100. Pale Minjila, karibu na Garsen, njia zinaachana: moja inaelekea Hola na Garissa, nyingine inapita Gamba na Witu hadi Mokowe, unakopanda boti ya Lamu. Ukiwa Mombasa au Malindi, benki, mashine za kutolea pesa na maduka ya kubadilisha fedha yako karibu. Ukishaipita Malindi usitegemee kuyakuta kila kituo. Kadi yako ya benki haitamlipa mwenye mtumbwi, na dola haimnunulii mtu petroli.

Sasa kuna tabia tunayoipinga wazi wazi. Mgeni anafika hana laini ya Kenya wala shilingi mfukoni. Anamwambia kijana wa boda, "Lipa kwa simu yako kwanza, nitakurudishia." Kijana analipa mafuta, analipa boti, ananunua maji ya kunywa. Jioni mgeni anatoa noti ya dola 50. Nani atambadilishia Garsen saa moja usiku? Kijana analala na karatasi asiyoweza kuitumia, na asubuhi pikipiki haina mafuta. Mgeni hakukusudia kumdhulumu mtu, lakini kwa siku hiyo amekopeshwa na mtu ambaye mtaji wake wote ulikuwa kwenye ile simu.

Utasikia watu wakisema, "Aah, watu wa huku ni wakarimu, watakusaidia tu." Ni kweli, watakusaidia. Na ndiyo sababu tunasema usiwaweke kwenye hali hiyo. Mtu mkarimu haoni rahisi kukwambia kwamba hana.

Basi ujipange vipi? Kwanza, sajili laini kwa jina lako mwenyewe. Nenda na pasipoti yako kwenye duka la kampuni ya simu Nairobi, Mombasa au Malindi, na uombe akaunti ya pesa ifunguliwe papo hapo. Kabla hujatoka dukani, ijaribu: weka pesa kidogo, mtumie mwenyeji wako shilingi 50, hakikisha zimefika. Kasoro ikijitokeza ukiwa dukani inatatuliwa kwa dakika chache. Ikijitokeza ukiwa Gamba, ni shida. Tena, ikiwezekana njoo na simu ya laini mbili. Benki nyingi za nje hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini yako ya kule, na ukiitoa laini hiyo unaweza kujifungia nje ya pesa zako mwenyewe.

Pili, na hili huenda likakushangaza kulisikia kutoka kwa kampuni ya malipo ya simu: beba pesa taslimu pia. Tungependa kukwambia simu inatosha, lakini kwenye njia hii haitoshi. Mtandao hukatika na chaji huisha. Wakala naye ana kiasi chake cha noti; akiwahudumia watu wengi asubuhi, mchana huenda hana za kukupa hata kama salio lako ni kubwa. Ukimwendea kutoa shilingi 40,000 kwa mkupuo mmoja, unaweza kukausha kibanda chake, na mama aliyetumiwa 800 za dawa akaambiwa arudi kesho. Kwa hiyo kiasi kikubwa kitoe Malindi. Beba noti ndogo ndogo, za 50, 100 na 200, kwa sababu mama muuza maziwa hana chenji ya 1,000 asubuhi na mapema.

Tatu, weka akiba ya siku mbili au tatu ambayo huigusi. Mto Tana ndio mrefu kuliko yote Kenya, na maji yake hutoka mbali, huko nyanda za juu za Mlima Kenya na Aberdare. Garsen kunaweza kuwa na jua kali na bado mto ukapanda. Aprili 2024 tuliona barabara ya Garissa ikimezwa na maji, abiria wakaokolewa kutoka kwenye basi lililokwama, na mwishoni mwa mwezi huo boti ikapinduka karibu na Mororo, watu wakapoteza maisha. Mafuriko yamewahi kuikata pia barabara ya Lamu, upande wa Gamba. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kwenye miezi hiyo uliza hali ya barabara kabla ya kukata tikiti. Ukiwa na akiba, unaweza kulala Garsen usiku wa pili na kungoja. Mtu aliyeishiwa ndiye hushawishika kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi ili tu afike.

Makaratasi nayo yana upande wa pesa. Tangu Januari 2024 Kenya imeacha viza ya kawaida na kutumia idhini ya kielektroniki, inayoombwa mtandaoni kabla ya safari. Mtanzania na Mganda hawaihitaji, lakini mwenye pasipoti ya Marekani anaihitaji, hata kama babu yake alizaliwa Kipini. Lipia kwenye tovuti rasmi ya serikali pekee. Tovuti za watu binafsi hutoza ziada. Soma pia bima yako. Serikali kadhaa za nje, ikiwemo ya Uingereza, zimekuwa zikitoa tahadhari za usalama kuhusu sehemu za Tana River na Lamu, na bima nyingi hukataa kulipa ukienda mahali serikali yako imekukataza. Ni bora ulijue hilo ukiwa nyumbani. Na usisahau dawa ya kinga ya malaria na chandarua, kwani delta ina mbu.

Kwako mwenyeji tuna maneno matatu. Patana bei kabla ya safari kuanza, kwa shilingi, na useme kama mgeni atatuma na ya kutolea. Shilingi 500 bila ya kutolea si 500 ikifika mkononi. Subiri ujumbe wa uthibitisho, kisha angalia salio lako mwenyewe. Usiamini picha ya ujumbe kwenye simu ya mgeni. Na mtu akikupigia kusema amekutumia pesa kimakosa umrudishie, usitume chochote. Mwelekeze apige huduma kwa wateja, muamala urudishwe kwa utaratibu.

Kuhusu nambari ya siri hatuna mjadala. Mgeni asiiombe, mwenyeji asiitoe, hata kama mmeshakula sahani moja. Kama mgeni hana akaunti, alipe taslimu.

Gharama ya kujipanga namna hii ni nusu siku Mombasa au Malindi: laini, noti ndogo, salio lililojaribiwa, na akiba ya kungojea mto ushuke. Ukiziweka sawa, mwenye boda atakwenda nyumbani na ujira wake wote siku ile ile, na wakala atabaki na noti za kuwahudumia majirani zake. Hapo ndipo tutasema kweli mgeni amekuja na mwenyeji amepona. Karibu Garsen.